Mgeni Tulimwita, Kidonda Tukakificha

Kuanzia 2013 hadi 2019 nilikuwa meneja wa kituo cha kukusanyia maziwa cha ushirika mmoja katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Neno meneja lisikutishe. Tulikuwa watu watano: mimi, mhasibu wa nusu siku, mama wa mapokezi, mlinzi, na kijana wa kuosha vyombo. Tulikuwa na tangi la kupozea, mizani, jenereta iliyowaka ikijisikia, na daftari kubwa la jalada jeusi ambamo kila asubuhi iliandikwa nani kaleta lita ngapi. Maziwa ya mkulima yakikataliwa, pembeni mwa jina lake tuliweka alama ya X kwa kalamu nyekundu. Basi. X tu.

Masika yakianza, X nazo zilikuwa zikiota kama uyoga. Kuna asubuhi kijana wa kuosha vyombo alifanya kazi ya kumwaga maziwa shimoni kuliko ya kuosha vyombo, na akina mama waliotembea kilomita nne wakiteleza kwenye tope wakageuza na madumu matupu. Ofisini tulikuwa na maelezo yetu tayari: wakulima wanachakachua, wanatia maji. Mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye mdomo wa utani, alisema mbele ya mkutano mkuu kwamba ng'ombe wa huku wanakunywa maji mengi kuliko ng'ombe wote wa Mkoa wa Tanga. Watu wakacheka. Waliokuwa na X hawakucheka.

Mwaka 2015 akaja mfadhili, na mfadhili akaja na neno ubunifu. Ushirika usijifungie, alisema, shirikianeni na watu wa nje. Tukaletewa vijana wanne wa chuo, wanaojua kutengeneza programu za simu. Walipanda kutoka Mombo kwenye gari lenye kiyoyozi, mmoja wao akatapika kwenye kona za kabla ya Soni, tukawapokea kwa heshima zote. Tulichinja kuku. Tangi tulikuwa tumelisugua mpaka unajiona uso.

Kwenye kikao wakauliza: tatizo lenu kubwa ni nini? Mzee mwenyekiti akakohoa kidogo, akasema, "Mawasiliano, wanangu. Mkulima hapati taarifa." Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Uongo haukuwa, ukweli wote nao haukuwa. Nani angewaambia wageni waliokula kuku wetu kwamba juzi tu tumemwaga shimoni zaidi ya lita mia? Na mfadhili je, akisikia?

Kati ya wale vijana kulikuwa na binti mmoja mkimya. Usiku ule aliniuliza kama anaweza kuja kituoni alfajiri aone maziwa yanavyopokelewa. Nikamwambia, mwanangu, saa kumi na mbili huku ni baridi, pumzika, tutakueleza wakati wa chai. Nimekaa na jibu hilo miaka mingi. Nilidhani namfanyia ukarimu, kumbe nilikuwa namfungia mlango.

Walitengeneza walichoambiwa. Programu nzuri, ya Kiswahili, yenye picha ya ng'ombe, ikituma bei na ushauri wa kulisha ndama. Wakulima wengi walikuwa na simu za vitochi. Tulipewa vishikwambi vitatu. Kimoja kilifia kabatini, kimoja sikumbuki, na cha tatu kilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti, wajukuu wakawa hodari sana wa michezo ya magari. Ripoti iliandikwa kwamba mradi umefaulu. Niliisaini mimi.

Mwaka uliofuata tukafanya jambo jingine ambalo siku hizi naliona kila mahali: shindano. Tangazo likabandikwa mpaka stendi ya Lushoto, "Tufanyeje ili ushirika wetu ukue?", zawadi milioni moja na nusu. Tukaweka sanduku. Yakaingia makaratasi thelathini na saba. Mmoja alitaka tununue basi. Mwingine alitumia nafasi hiyo kudai malipo yake ya Agosti. Mshindi akawa kijana msomi mwenye andiko la kiwanda cha mtindi, kurasa ishirini, na michoro. Tukampiga picha na hundi ya kadibodi. Kiwanda hicho mpaka leo ni kurasa ishirini.

Baadaye nilikuja kusoma habari za kampuni ya Netflix ya Marekani, ikanipoza roho kidogo. Mwaka 2006 walitangaza dola milioni moja kwa yeyote atakayeboresha kwa asilimia 10 mfumo wao wa kubashiri mtazamaji atapenda filamu gani. Watu wa dunia nzima wakakesha nalo, na mwaka 2009 kikundi kimoja kikashinda na kulipwa. Suluhisho lile zima halikuwahi kuwekwa kazini, kwa sababu faida iliyoongezeka haikulingana na kazi ya kuliingiza kwenye mitambo. Wao angalau walichukua vipande vya njiani na kuvitumia. Sisi tulibaki na kadibodi.

Halafu akaja mgeni ambaye hatukumwita.

Alikuwa mhadhiri wa mambo ya malisho, anapita kwenda kuangalia mashamba ya majani tembo ya watu wengine kabisa. Gari lake likafa karibu na kituo chetu jioni, fundi akasema kipuri mpaka kesho kutoka Korogwe. Nikamlaza nyumbani. Hakuna kuku aliyechinjwa, ilikuwa ugali na maharage. Alfajiri nilipoamka kwenda kazini akasema, sina pa kwenda, nakufuata.

Kwa hiyo aliona. Alisimama pale kwenye baraza la mapokezi, mikono mifukoni kwa baridi, akimtazama mama wa mapokezi akifanya kazi. Laktomita ndani ya silinda, anainama kusoma. Halafu maziwa kidogo na spiriti kiasi kilekile kwenye kichupa, anatikisa, anakiinua kwenye mwanga. Yakiwa laini, yanaingia. Yakionyesha chembechembe kwenye ukuta wa kichupa, yanarudi. Yule mama alikuwa na mikono ya haraka. Mkulima mmoja hakumchukua hata dakika.

Baada ya kama nusu saa mgeni akalivuta daftari. "Mama, samahani. Hii X ni ya maji au ya kuganda?"

Kwa wasioijua kazi hii: laktomita inapima uzito wa maziwa, na maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi, kipimo kinazama. Spiriti inaonyesha jambo tofauti kabisa, kwamba maziwa yameanza kuchacha, au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au mtu amechanganya dang'a ya ng'ombe aliyezaa juzi. La kwanza linaweza kuwa wizi. La pili mara nyingi ni bahati mbaya, uchafu na muda. Sisi yote mawili tuliyaandika X.

Mama akajibu bila kuinua uso. "Mimi naijua kila moja ni ya nini, Mwalimu. Ila daftari halina nafasi ya kuandika."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Nilikuwa nimelisaini daftari lile kila siku kwa miaka mitatu.

Tukachora mistari miwili kwa rula. Kwa wiki mbili mama akaandika M kwa maji na G kwa kuganda, na jina la kitongoji. X sitini na moja. Za maji tisa. Zilizobaki zote kuganda, na sehemu kubwa zilitoka vitongoji vitatu vya juu. Nilipompelekea mwenyekiti hesabu ile aliishika karatasi muda mrefu, miwani imeteremka puani. Mwisho akasema, "Kwa hiyo tumewaita watu wezi." Sikumjibu. Utani wa ng'ombe kunywa maji sikuusikia tena.

Mhadhiri, kabla hajaondoka, alitusimulia kisa cha mgodi wa dhahabu Canada. Kampuni ya Goldcorp ilikuwa na mgodi Red Lake, Ontario, ambao wataalamu wake wenyewe walishindwa kujua dhahabu zaidi iko wapi. Mwaka 2000 mkuu wake, Rob McEwen, akafanya jambo ambalo wachimbaji hawalifanyi: akaziweka takwimu za miamba za mgodi wake kwenye intaneti, kila mtu azione, na zawadi ya dola 575,000 kwa watakaoonyesha pa kuchimba. Walioongoza walikuwa watu wa Australia, ambao kuutazama mgodi wenyewe hawakuwa wameutazama. Mzee mwenyekiti dhahabu haikumgusa. Kilichomgusa ni kwamba mtu mzima, mwenye kampuni, alianika hadharani siri yake. "Na hawakumcheka?" aliuliza. Walimshangaa, alijibiwa. Kesho yake tukazibandika hesabu zetu za M na G kwenye ubao wa matangazo, kwa vitongoji bila majina ya watu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Lakini mganga hatibu mguu uliofunikwa blanketi.

Ubao ule ulileta watu ambao sanduku halikuwaleta. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda aliyekuwa akitubebea maziwa ya vitongoji vya juu kwa malipo ya lita. Alikuja mwenyewe, helmeti mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea: "Meneja, mimi naanza na wa mbali. Ya wa mbali yanakaa mgongoni kwangu mpaka nimalize wa karibu. Si saa mbili zile?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza njia yake ikoje. Kisha akaongeza, kama jambo la kawaida tu, kwamba maziwa ya jioni akina mama wanayalaza jikoni, kwenye dumu la mafuta ya kula, karibu na mafiga.

Jikoni? Kwenye moto? Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana kinga yake ya asili, lakini ni ya saa chache. Ukiyaweka kwenye joto usiku kucha, na dumu lenyewe lina shingo nyembamba ambayo mkono hauingii kusugua, unawafugia vijidudu kabisa. Wataalamu walikuwa wamepita vitongoji vile wakafundisha usafi, wakaondoka. Kwa nini jikoni?

"Ndicho chumba chenye kufuli," akasema.

Fundi wa kuchomelea wa pale Soni ndiye aliyeelewa haraka kuliko sote. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuota mashine ndogo za kupozea kwa sola, nimeshaandika mpaka barua ya kuomba fedha. Yeye akauliza kama kuna mfereji karibu. Usambara mifereji haikosi, na maji yanayotoka msituni usiku ni baridi ya kung'ata. Akasema ajenge birika la saruji kando ya mfereji, maji yaingie huku yatokee kule, keni zisimame ndani usiku kucha, na juu aweke wavu wa nondo wenye mlango na kufuli, funguo akae nayo mama mmoja wa kitongoji. Mimi nilikuwa nabuni baridi. Fundi alibuni kufuli, na kufuli ndiyo iliyokuwa shida.

M-Pesa, ambayo sote tunaitumia, ilizaliwa kwa mgeuko kama huo. Akina Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliianza Kenya pamoja na Safaricom kama njia ya kulipia mikopo midogo ya vikundi, wakaijaribu kuanzia 2005 wakishirikiana na taasisi ya mikopo na benki, kwa sehemu ya fedha za serikali ya Uingereza. Watumiaji wa majaribio wakaanza kutumiana wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, hiyo ya kutumiana ndiyo iliyokuwa biashara. Kuna mtu pale alikubali kwamba wateja wameonyesha shida tofauti na ile iliyoandikwa kwenye andiko la mradi. Mimi barua yangu ya sola ilikuwa bado mezani, nikaichana kwa shingo upande.

Birika la kwanza halikufaa. Ili kupunguza gharama fundi alitumia mabati badala ya saruji, yakavuja kwenye viungio, na usiku wa tatu mvua ikaleta takataka za mfereji mpaka ndani. La pili likawa la saruji, na chujio la wavu mlangoni. Keni za alumini tuliwakopesha wakulima, tukakata kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Njia ya bodaboda tukaigeuza. Kufika masika ya pili kulikuwa na wiki ambazo safu ya G haikuwa na kitu kutoka vitongoji vile. Januari na Februari birika halitoshi, maji nayo yanapata joto. Hilo sitalificha, tumeshaficha vya kutosha.

Sasa niseme jambo ambalo katika mikutano ya ubunifu halisemwi. Siku tuliyopongezwa na bodi, mhadhiri akatajwa, fundi akatajwa, mimi nikatajwa mara mbili. Mama wa mapokezi alikuwa nyuma, anagawa soda. Jioni tukiwa tunafunga akaniambia, "Meneja, mimi maneno ya madumu nimeyasema hapa miaka minne. Yamesikika waliposema watu wa nje." Nikataka kubisha. Kisha nikakumbuka sanduku la shindano, lililokuwa bado juu ya kabati. Nikalishusha. Kati ya yale makaratasi thelathini na saba kulikuwa na moja limekunjwa mara nne, halina jina, limeandikwa mistari mitatu: madumu ya mafuta hayaoshiki, maziwa ya jana yasichanganywe na ya leo, mtu apande juu akaone. Mwandiko ule nilikuwa nauona kila siku daftarini.

Alikuwa wa ndani, ikambidi ajifiche awe mtu wa nje ili atuambie, na bado hatukusoma. Mpaka leo naamini nusu ya tunayoyatafuta kwa wageni tayari yamo kwenye vinywa vya wale wanaofagia na kupokea na kubeba. Mgeni ana faida moja kubwa: hana cha kupoteza akiuliza swali la kijinga, na mkubwa hamkaripii. Tukaweka utaratibu kwamba mama aingie kikao cha kila mwezi cha bodi asome safu zake mwenyewe. Mjumbe mmoja alinuna miezi mitatu.

Ugomvi wa kweli ulikuja baadaye, na ulihusu mali. Ushirika jirani waliona birika, wakamwita fundi, akawajengea manne. Bodi yetu ikawaka. Birika ni letu! Mjumbe mmoja aliyewahi kufanya kazi mjini akapendekeza twende BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, tukaombe hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasimwige. Hataza ya birika la saruji lenye kufuli, ndugu zangu. Tulikaa vikao viwili. Fundi alipoitwa alikuja na ovaroli yake ya kazi, akasikiliza yote, akajibu kwa upole: "Wazee wangu, shikamooni. Mlinilipa nondo na mlinilipa mikono. Kichwa changu hamkukinunua."

Na kweli hatukuwa na karatasi. Makubaliano yetu yote yalifanyika kwenye mgahawa, kwa chai na chapati mbili. Ningepewa nafasi tena ningeandika ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili cha kawaida: kitakachobuniwa nani anaruhusiwa kukiuza kwingine, jina la nani litatajwa, na majaribio yakishindikana gharama ni ya nani. Hilo la mwisho ndilo lililotuumbua zaidi. Kwenye bajeti inayopitishwa na mkutano mkuu kulikuwa na fungu la spiriti, fungu la dizeli, mpaka fungu la maua ya mgeni rasmi. Fungu la kujaribu na kukosea halikuwapo. Kwa hiyo birika la kwanza, lile la mabati, mhasibu alikataa kulilipia: halikufanya kazi, litalipwaje? Nilimweleza kwamba bila la kwanza la pili lisingejulikana. Akaniambia nimletee kifungu.

Uamuzi kuhusu ushirika jirani ulikuwa wa mzee mwenyekiti, naye aliutoa akiwa amechoka zaidi kuliko kuwa na hekima. Alisema maziwa ya kule yakiacha kuganda, gari la kiwanda litapanda mlima likiwa limejaa, na nauli itashuka kwetu sote. Ikawa kweli, ingawa si kwa kiasi alichokitangaza.

Mwaka juzi nilipita Soni kwa shughuli za msiba. Fundi bado yupo palepale, kibanda kimekua, ana vijana wawili anawafundisha, na nje ameegemeza milango ya wavu ya mabirika, mitano, imepigwa rangi ya kijani, inasubiri wenyewe. Alinikumbatia, akaagiza chai. Tukaongea habari za watoto, za mvua, za mama wa mapokezi ambaye sasa ana kijana wa kumsaidia kuandika. Nilipoinuka kuwahi gari la kushuka Mombo, akanishika mkono, akaugandamiza kidogo.

"Meneja, ile elfu themanini ya mabati. Bado, eh?"

Bado.